Tumepangiwa kiwango cha zawadi ya bosi, na mkataba wangu unaisha Januari

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Mama.

Nakuomba unijibu mapema, maana jambo lenyewe lina tarehe.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nimeolewa, nina watoto wawili. Naishi Mbagala na nafanya kazi Kurasini, kwenye kampuni binafsi ya kutoa mizigo bandarini. Kazi yangu ni ya nyaraka. Mshahara ukishakatwa makato yote nabaki na shilingi 430,000 na kidogo. Mume wangu ni fundi seremala, kipato chake kinategemea oda. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, na wa sasa unaisha tarehe 31 Januari.

Ukimwondoa bosi tuko watu 16, pamoja na dada wa usafi na walinzi wawili. Kila Desemba tunafanya sherehe ya kufunga mwaka. Bosi huwa anatupa mchele kilo 10, mafuta ya kula na sukari, kila mtu sawa na mwenzake, na siku hiyo kunakuwa na nyama choma na soda. Hilo zuri sana, wala sina neno nalo.

Tatizo langu ni upande wa pili. Msimamizi wetu wa kazi alianzisha desturi ya sisi wafanyakazi kumpa bosi zawadi siku hiyo. Mwanzoni ilikuwa kadi na keki. Mwaka jana tulichanga 30,000 kila mtu, akanunuliwa televisheni. Mwaka huu msimamizi ametangaza kwenye grupu la WhatsApp kwamba tunamnunulia simu mpya, na kiwango ni 60,000. Dada wa usafi na walinzi wao 20,000. Kaweka orodha ya majina yote 16 kwa namba, na kila anayelipa anawekewa alama ya kijani mbele ya jina lake. Kila asubuhi anaituma upya. Mimi ni namba 11. Ninavyokuandikia, waliobaki bila alama ni mimi, mlinzi mmoja wa usiku na dada wa usafi. Chini ya orodha ameandika: "Kutoa ni moyo. Mwisho tarehe 15. Atakayechelewa tutamalizana naye kwenye mshahara wa Desemba."

Mtu mmoja aliuliza kwa utani kama ni lazima, akajibiwa kwamba ofisi zote za kisasa zinafanya hivyo, hata Ulaya na Marekani Krismasi watu wanawapa mabosi zao zawadi, sisi tusijifanye wa kijijini. Basi watu wakacheka, na mjadala ukaishia hapo.

Mama, 60,000 kwangu si hela ndogo. Januari mtoto mkubwa anaanza darasa la kwanza: sare, viatu, madaftari, begi. Mwenye nyumba naye anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Lakini nikisema ukweli wa moyo wangu, si hela peke yake. Juzi dada wa usafi alinifuata jikoni nikichemsha chai. Alikuwa ametoka kupiga deki, mikono imeloa, anajifutia kwenye gauni la kazi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumkopesha 20,000, alipe ule mchango, atanirudishia kidogo kidogo mpaka Machi. Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Mtu anakopa ili amnunulie simu mtu ambaye ana gari mbili!

Usinielewe vibaya, bosi simchukii. Ni mzee mwenye utu. Mwaka juzi nilipojifungua kwa upasuaji, yeye na mkewe walikuja hospitali, wakaniletea doti ya khanga na bahasha yenye 200,000. Halafu alinipa likizo ya miezi mitatu huku nikilipwa mshahara. Nikikumbuka hayo najiona kama mtu asiye na shukrani. Mwaka jana alipokabidhiwa ile televisheni alisimama akasema, "Asanteni sana, lakini haya mambo mngewapelekea watoto nyumbani." Tukapiga makofi, tukaendelea kula.

Ninachoogopa zaidi ni mkataba. Kuna kaka mmoja mwaka jana hakuchanga, na Machi hakuongezewa mkataba. Wengine wanasema ni kwa sababu ya mchango, wengine wanasema alikuwa mchelewaji sana. Mimi sijui. Na kuna hili jingine: mimi ni Mwislamu, bosi na wenzangu wengi ni Wakristo. Tunaishi vizuri, Idi huwa napeleka pilau ofisini na linaisha lote. Nahofia nisipotoa watasema nakataa kwa sababu ni Krismasi, wakati hata halijanijia akilini.

Mume wangu anasema nitoe, yaishe. Anasema mkono mtupu haulambwi. Mama yangu mzazi anasema tangu lini mkubwa akapewa zawadi ya lazima. Mimi niko katikati. Nifanyeje?

Namba 11, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Nimeisoma barua yako na kuirudia. Umeniuliza utoe au usitoe, lakini humo ndani naona mambo manne yamefungwa kwenye kifurushi kimoja: shukrani yako kwa bosi, hofu ya mkataba, hesabu za Januari, na yule dada aliyekufuata jikoni. Kila ukitaka kulishika moja, mengine matatu yanakuvuta. Ndiyo maana hulali. Mimi sitakuamulia, kwa sababu anayeamka asubuhi kwenda Kurasini ni wewe. Ila naomba tuyafungue haya mambo moja baada ya jingine.

Nianze na maneno uliyoyapitia haraka kama hayana uzito. Bosi alisimama mbele yenu akasema zawadi ile mngewapelekea watoto nyumbani, nanyi mkapiga makofi. Mwanangu, umewahi kujiuliza alimaanisha nini? Yawezekana ni ule unyenyekevu wetu wa kawaida, mtu mzima akipewa kitu lazima aseme "mmejisumbua". Yawezekana pia alikuwa anawaambia kitu na hakuna aliyemsikia. Mtu anayewagawia wafanyakazi wake mchele kilo kumi kumi anajua kwamba mchele huo una kazi nyumbani kwao. Je, anajua kwamba simu atakayopewa imepangiwa viwango? Anajua kwamba mlinzi wake wa usiku yumo kwenye orodha? Barua yako haisemi, na nadhani hujui. Basi tuwe waangalifu tusimbebeshe mzee huyu jambo ambalo huenda hajaliona hata kwa jicho.

Na msimamizi naye tusimhukumu kwa pupa. Alianza na kadi na keki, jambo la heri kabisa. Kutoka keki hadi televisheni, kutoka televisheni hadi simu, pengine hata yeye anaogopa kwamba mwaka huu zawadi ikiwa ndogo ataonekana ameshindwa kuwasimamia watu. Hata hivyo sitakuficha: ile orodha siipendi. Mchango wenye kiwango, tarehe ya mwisho, alama za kijani na tishio la mshahara, halafu juu yake mtu anaandika kutoa ni moyo, hapo moyo umenyimwa nafasi. Methali yenyewe inaendelea: usambe ni utajiri. Ilitungwa kumtetea mwenye kidogo asione haya na kidogo chake.

Sasa shukrani yako. Umetaja mambo mawili aliyokutendea, na naomba uyatenganishe, kwa sababu ukiyachanganya utajiona una deni kubwa kuliko lililopo. Likizo ya uzazi yenye malipo ni haki yako kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: siku 84 kwa aliyejifungua mtoto mmoja, siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mmoja. Bosi wako aliitii sheria, na waajiri wanaoitii wapewe heshima yao, lakini hakukukopesha kitu. Bahasha na doti ya khanga, huo ndio wema. Hakuna sheria iliyomtuma yeye na mkewe waje wodini. Kama unataka kumshukuru kwa hilo, mshukuru kwa jina lako, kwa njia yako. Nenda na mtoto siku moja wamwone alivyokua, au mpelekee mkewe chochote ulichopika kwa mkono wako. Sidhani kama namba 11 kwenye simu ya watu 16 inaweza kubeba shukrani ya namna hiyo.

Mama yako mzazi ameuliza tangu lini mkubwa akapewa zawadi ya lazima, nami nataka kumuunga mkono kidogo. Tazama Idi kwetu: watoto wanapita nyumba kwa nyumba na nguo zao mpya, wakubwa ndio wanaotia mkono mfukoni. Hakuna mtoto anayeulizwa amemletea nini babu. Na hii tarehe 26 Desemba tunayopumzika kila mwaka tuliirithi kwa Waingereza. Kwao ilikuwa siku ambayo mabwana na matajiri waliwapa watumishi wao na watu waliowahudumia mwaka mzima sanduku la zawadi au fedha kidogo. Kote huko zawadi ya sikukuu ilikuwa inashuka, kutoka kwa mwenye nacho kwenda kwa anayemtumikia. Mchele wa bosi wenu unafuata njia hiyo. Simu ya msimamizi inakwenda kinyume chake.

Utaniambia, lakini Mama, sisi tunachangiana kila siku. Kweli, na usiache. Harusi, kipaimara, msiba, mgonjwa, mtoto aliyezaliwa, hata mtu anayestaafu: haya ndiyo yanayotufanya tuwe watu. Ila michango hiyo inazunguka. Leo nimekuja kwako, kesho utakuja kwangu, na asiye na hela anakuja kuosha vyombo na bado anahesabiwa kuwa amechanga. Mchango wa kila mwaka kwa mtu anayesaini mkataba wako hauzunguki kwa mtindo huo, na aliyeshindwa hana vyombo vya kuosha.

Kuhusu Ulaya na Marekani, msimamizi ameambiwa nusu. Watu wa huko wanapeana zawadi kazini, ndiyo. Lakini Marekani, kanuni za maadili za watumishi wa serikali kuu zinamkataza mtumishi kumpa zawadi mkubwa wake wa kazi, na zinamkataza pia kuwachangisha wenzake kwa ajili hiyo. Sikukuu wameruhusu kitu kisichozidi dola 10, tena kisiwe fedha taslimu. Mchango wa hiari wanauruhusu kwa mambo yasiyojirudia kama ndoa, ugonjwa, kupata mtoto au kustaafu, na anayechangisha akitaja kiwango anapaswa aseme wazi kwamba mtu anaweza kutoa pungufu au asitoe kabisa. Kampuni yenu ni ya binafsi na iko Kurasini, kanuni hizo haziwahusu. Nimezitaja ili ujue kwamba anayeona vibaya jambo hili si wa kijijini.

Tuje kwenye hofu. Hii siichezei, kwa sababu najua maana ya kusubiri mkataba huku mwenye nyumba anagonga mlango. Mumeo anasema mkono mtupu haulambwi, na anaongea kama baba anayetazama sahani za watoto. Msikilize. Lakini nawe jiulize: habari ya yule kaka wa mwaka jana umeipata kwa nani? Ameikosa kazi miezi mitatu baada ya sherehe, na watu wenyewe wanasema alikuwa mchelewaji. Habari za namna hii hukaa ofisini na kufanya kazi ya kuwatisha watu, hata kama hakuna aliyezitunga kwa nia hiyo. Wewe umefanya kazi gani mwaka huu? Nyaraka zako zimewahi kuchelewesha mzigo wa mteja? Nani hasa anaamua mkataba, bosi au msimamizi? Ukijibu haya kwenye karatasi utajua hofu yako ina ukubwa gani. Huenda ukakuta ni ndogo. Huenda ukakuta msimamizi ndiye anayeandika mapendekezo ya nani abaki, hapo hofu ina miguu na hupaswi kujiona mwoga.

Sheria ile ile niliyoitaja inahesabu kutoongezewa mkataba kuwa ni kuachishwa kazi, ikiwa mfanyakazi alikuwa na sababu za msingi za kutarajia kuongezewa, na malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Lakini kuthibitisha kwamba umeachwa kwa sababu ya mchango wa simu ni kazi ngumu, na sitaki nikupe silaha ambayo mkononi itakuwa nyepesi kuliko ulivyodhani.

Suala la kukatwa mshahara ni tofauti, hapo kuna ardhi ngumu ya kukanyaga. Kifungu cha 28 cha sheria hiyo kinamkataza mwajiri kukata mshahara wako isipokuwa kwa makato yaliyoruhusiwa na sheria, mkataba wa pamoja, agizo la mishahara, amri ya mahakama au tuzo ya uamuzi, au wewe mwenyewe uwe umekubali kwa maandishi kukatwa kwa ajili ya deni. Mchango wa zawadi si deni. Kwa hiyo yale maneno ya kumalizana kwenye mshahara yanaweza kuwa vitisho tu vya kwenye grupu. Usijibu neno kama "sawa" chini ya ujumbe ule, maana siku moja mtu anaweza kusema ulikubali.

Sasa njia zilizopo mbele yako.

Unaweza kutoa 60,000 ukanyamaza. Si dhambi wala si aibu, na wapo watakaokuambia ndiyo busara kwa mtu ambaye mkataba wake umebakiza wiki chache. Utanunua utulivu wa Desemba. Hatari yake ni mwakani: kutoka 30,000 hadi 60,000 ni mwaka mmoja tu. Na nahisi, kwa jinsi ulivyoandika, hutalala bado, kwa sababu yule dada atakuwa pale pale.

Unaweza kutoa unachokimudu, tuseme 15,000 au 20,000, ukamtumia msimamizi moja kwa moja bila kuandika kitu kwenye grupu. Wengi huona hii ni njia ya kati. Anaweza kuipokea kwa heshima, anaweza pia kuandika mbele ya jina lako "bado 40,000", nawe ukawa umejianika zaidi ya mwanzo. Unamfahamu kuliko mimi.

Unaweza kumwona. Nasema kumwona, ana kwa ana, asubuhi kabla ofisi haijajaa au jioni watu wakitoka. Usimwandikie, na usilizungumzie jambo hili kwenye grupu, kwa sababu mtu akipingwa mbele ya watu 16 hana pa kurudi. Mwambie kitu kama hiki: "Kaka, nia ya kumpongeza mzee naiunga mkono. Ila mwaka huu kiwango kimenishinda, mtoto anaanza shule na kodi imefika. Nitatoa hiki nilicho nacho. Naomba pia ile orodha uipumzishe, kuna wenzetu inawabana." Usianze na sheria, wala usimtajie kifungu. Ukianza na sheria umefungua kesi, naye atajitetea. Anaweza kukuelewa. Anaweza kukasirika pia, na ukaonekana kiongozi wa migomo wakati usiofaa kabisa. Ndiyo maana ningependa kwanza uongee na mmoja au wawili kati ya wenye alama za kijani. Yule aliyeuliza kwa utani kama ni lazima, unadhani alikuwa anatania? Kulipa hakumaanishi kuridhika. Mkiwa watatu mnaopendekeza turudi kwenye keki na kadi, au tuandike majina kwenye vikaratasi kila mtu aokote mmoja amletee mwenzake zawadi isiyozidi 10,000, bosi naye jina lake limo kama wengine, hapo mnakuwa mmeleta wazo. Ukiwa peke yako inaonekana umeleta lawama.

Njia ya nne, kwenda kwa bosi, naiona ipo lakini inanitia wasiwasi. Kumruka msimamizi ni jambo zito katika ofisi ndogo, na ukitoka mlangoni mwa mzee kila mtu atajua. Kama mkewe mnaelewana tangu siku ile ya hospitali, anaweza kuwa mlango laini zaidi. Au anaweza kulifikisha nyumbani kwa namna usiyoitaka. Lipime kwa makini.

Kuhusu dini nitakuwa mfupi. Pilau yako ya Idi imeliwa na wote, ushahidi huo unatosha kwa mwenye akili. Ukizungumza na msimamizi, toa sababu yako ya kweli mapema na kwa uwazi: mahitaji ya shule, kodi. Ukikaa kimya muda mrefu, watu watakutafutia sababu wenyewe, na hiyo ya dini iko karibu na midomo ya wavivu wa kufikiri.

Nimemwacha yule dada mwisho, ingawa nadhani ndiye aliyekufanya ushike kalamu. Umeandika juu ya mikono yake kuliko ulivyoandika juu ya mshahara wako. Ukimkopesha 20,000, utakuwa umemwondolea aibu ya leo na kumpa deni la mpaka Machi kwa jambo lisilo na faida kwake, na wewe mwenyewe huna akiba. Ukimnyima, atatafuta kwingine, pengine kwa wakopeshaji wa mtaani au mikopo ya kwenye simu, na huko riba haina huruma. Ukisema utamsemea kwa msimamizi, hiyo nzuri, lakini muulize yeye kwanza. Huenda hataki kabisa jina lake litajwe. Watu wa mshahara mdogo wana heshima zao wanazozilinda kwa nguvu, na msaada uliotolewa hadharani unaweza kumuumiza kuliko ule mchango. Kaa naye hapo hapo jikoni, mwambie ukweli kwamba hata wewe hujalipa. Huenda anaamini kwamba yuko peke yake. Mwambie pia kwamba mshahara wake haukatwi kwa zawadi, na sheria iko upande wake kama ilivyo upande wako. Yule mlinzi wa usiku naye asisahaulike. Hao watu wa zamu za usiku mara nyingi husoma ujumbe wa grupu peke yao, bila mtu wa kumuuliza.

Mumeo mshirikishe kabla hujafanya lolote kati ya haya. Muulize swali moja tu: kama msimamizi akikasirika, tunaweza kuishi mwezi wa pili bila mshahara huu? Jibu lake likiwa hapana, basi tumia njia za taratibu, na asikufanye mtu yeyote ujione umeshindwa. Likiwa ndiyo, kwa kubana, una nafasi kubwa zaidi ya kusema.

Mpaka tarehe 15 una siku chache. Lolote utakaloamua, kuongea na yule dada hakuhitaji kusubiri tarehe. Niandikie tena ilivyokwenda, na mkataba ukitoka uniambie.